Ngozi ya chura: Mlango wa maji na chumvi uliofumbua siri za figo

WAHENGA walinena kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo imezoeleka, lakini wachache wanajua kwamba chura mwenyewe, licha ya makelele hayo yote, aghalabu hanywi maji kwa kinywa. Maji anayoyahitaji huyapata kupitia ngozi yake, hasa ile ya sehemu ya chini ya tumbo iliyo katikati ya miguu ya nyuma.

Ngozi hiyo laini ina umuhimu unaopita mahitaji ya mnyama huyo mdogo. Ni kwa kuichunguza ambapo wanasayansi walibaini jinsi chumvi inavyovuka kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine, na maarifa hayo yamewasaidia madaktari kuelewa figo za binadamu na ugonjwa wa shinikizo la damu. Kwa upande mwingine, ngozi iyo hiyo imekuwa mlango wa maradhi ambayo yameangamiza vyura katika mabara kadhaa.

Kati ya mafuriko na ukame

Damu ya chura huwa na takriban milimoli 100 za sodiamu katika kila lita, ilhali maji ya bwawa au kijito kwa kawaida huwa na sehemu ndogo mno ya kiasi hicho. Kwa mujibu wa kanuni ya osmosisi, maji huhama kutoka mahali penye chumvi kidogo kuelekea mahali penye chumvi nyingi yanapotenganishwa na utando unaoyaruhusu kupita. Hivyo basi, chura akiwa majini, maji humwingia usiku na mchana, huku chumvi ya mwili wake ikielekea kuvujia nje.

Lau asingekuwa na kinga, angefura na kufa. Kinga ya kwanza ni figo zake, ambazo hutoa mkojo mwingi na mwepesi. Kinga ya pili ni ngozi, ambayo huvuta chumvi kutoka majini na kuiingiza katika damu, hata pale ambapo chumvi hiyo ni haba kabisa. Jambo hili lilithibitishwa mnamo 1937 na August Krogh, mwanafiziolojia wa Denmark aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1920. Alionyesha kwamba vyura waliopungukiwa na chumvi waliweza kuifyonza tena kutoka kwa maji yaliyokuwa na kiasi kidogo sana cha madini hayo.

Chura anapotoka majini, tatizo hugeuka. Ngozi isiyo na magamba wala manyoya hupoteza maji upesi, na hatari inayomkabili sasa ni kukauka. Hapa ndipo kibofu kinapomfaa. Kwa binadamu, kibofu ni chombo cha kuhifadhi mkojo kabla ya kutolewa. Kwa chura, ni tangi la akiba. Wakati wa kiangazi maji yaliyomo hufyonzwa na kurejeshwa katika damu. Nchini Australia, wapo vyura wanaojizika ardhini wakiwa na vibofu vilivyojaa, na wenyeji wa asili wa majangwa ya huko waliwafukua na kuwakamua ili kupata maji ya kunywa.

Katika maeneo makavu ya Kenya, chura wa mitini aitwaye Chiromantis petersii ana mbinu yake. Ngozi yake hupitisha maji kidogo sana inapokuwa juani, na uchafu wa naitrojeni mwilini mwake huutoa kwa umbo la asidi ya uriki, kama wafanyavyo ndege, ili asipoteze maji kwa mkojo.

Umeme wa ngozi

Ngozi iliyotolewa mwilini mwa chura na kuwekwa baina ya miyeyusho miwili ya chumvi huendelea kufanya kazi kwa saa nyingi. Mnamo 1848, Mjerumani Emil du Bois-Reymond aligundua kwamba ngozi hiyo ina umeme: upande wa ndani huwa chanya ukilinganishwa na upande wa nje. Kwa takriban karne nzima, chanzo cha umeme huo kilibaki kitendawili.

Aliyekitegua ni Hans Ussing wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Alitengeneza chombo chenye vyumba viwili, akaitandaza ngozi ya chura katikati kama pazia, kisha akajaza myeyusho wa aina moja pande zote mbili. Aliunganisha mkondo wa umeme kutoka nje na kuurekebisha hadi tofauti ya umeme kati ya pande hizo mbili ikawa sufuri.

Katika hali hiyo, hakukuwa na nguvu yoyote ya kawaida ya kuisukuma sodiamu. Chumvi ilikuwa sawa pande zote na umeme ulikuwa umesawazishwa. Hata hivyo, sodiamu iliendelea kupita kutoka nje kwenda ndani. Ussing na mwenzake Karl Zerahn waliifuatilia kwa kutumia sodiamu nururifu, na mnamo 1951 wakachapisha matokeo yao: kiasi cha sodiamu kilichovuka kililingana na mkondo wa umeme uliopimwa. Kwa hivyo umeme wa ngozi ya chura ulitokana na seli hai zinazotumia nishati yake kuisafirisha sodiamu.

Chombo hicho, ambacho hadi leo hujulikana kwa jina la Ussing, hutumika katika maabara nyingi kuchunguza utumbo, mapafu na tando nyinginezo. Miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa kwacho ni namna sumu ya kipindupindu inavyoufanya utumbo umwage chumvi na maji.

Mlango wa mbele, pampu ya nyuma

Mnamo 1958, Valborg Koefoed-Johnsen na Ussing walieleza jinsi seli ya ngozi inavyofanya kazi hiyo. Walisema kwamba seli ina pande mbili zisizofanana. Upande unaotazama maji ya nje una vijia vinavyoruhusu sodiamu kuingia yenyewe. Upande unaotazama damu una pampu inayoisukuma sodiamu kutoka ndani ya seli, na kuingiza potasiamu mahali pake.

Mwaka mmoja awali, Jens Christian Skou wa Aarhus, pia nchini Denmark, alikuwa amegundua kimeng'enya kinachotenda kazi hiyo alipokuwa akichunguza neva za kaa. Kila mara pampu hiyo inapofanya kazi, hutoa ioni tatu za sodiamu nje ya seli na kuingiza mbili za potasiamu. Ugunduzi huo ulimpatia Skou sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1997.

Pampu ndiyo inayofanya mlango wa mbele uwe na maana. Kwa kuwa sodiamu huondolewa bila kukoma upande wa nyuma, ndani ya seli hubaki na sodiamu chache, na hivyo sodiamu ya nje huendelea kuvutwa. Klorini yenye chaji hasi hufuata, na chumvi kamili huingia katika damu.

Vijia vya upande wa mbele huzibwa na dawa iitwayo amilorayidi, iliyobuniwa katika miaka ya 1960. Ngozi na kibofu cha chura vilitumiwa kubainisha jinsi dawa hiyo inavyofanya kazi. Kwa binadamu, huzuia figo kurejesha sodiamu mwilini bila kupoteza potasiamu, na huchanganywa na dawa nyingine za kushusha shinikizo la damu. Wakati jeni za vijia hivyo zilipotambuliwa mnamo 1993 na 1994, ilibainika kwamba kasoro katika baadhi yake husababisha shinikizo la damu la kurithi liitwalo ugonjwa wa Liddle.

Kibofu kilichofanana na figo

Wakati Wadenmark waliishughulikia ngozi, Alexander Leaf wa Boston, Marekani, alikitumia kibofu cha chura mkubwa wa Amerika ambaye zamani aliitwa Bufo marinus na sasa ni Rhinella marina. Kibofu hicho ni utando mwembamba sana, na seli zake hutenda kazi kama zile za mirija ya mwisho ya figo, ambako mwili huamua ni maji kiasi gani yatolewe na ni kiasi gani yarejeshwe.

Homoni ya tezi ya pituitari inapokigusa kibofu upande wa damu, maji huanza kuvuka kwa wingi kutoka katika mkojo mwepesi kuelekea damu yenye chumvi. Mnamo 1961 ilionyeshwa pia kwamba homoni ya aldosteroni huongeza usafirishaji wa sodiamu katika kibofu hicho.

Maji yalivukaje? Jibu lilikamilika mnamo 1992, wakati Peter Agre na wenzake walipoonyesha kuwepo kwa protini maalumu za kupitishia maji, zinazoitwa akwaporini. Waliweka maelekezo ya protini hiyo katika mayai ya chura wa Afrika aitwaye Xenopus. Mayai hayo yalipotiwa katika maji yenye chumvi kidogo, yalifura na kupasuka, ilhali ya kawaida hayakupasuka. Agre alituzwa Nobel mwaka wa 2003.

Mlango unapoharibika

Maarifa haya yamesaidia kueleza msiba uliowakumba vyura. Kuvu aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis, aliyetambuliwa rasmi mnamo 1999, huishi katika ngozi yao. Kwa muda haikueleweka ni vipi maradhi ya juujuu ya ngozi yangeweza kuua. Mnamo 2009, watafiti waliotumia chombo cha Ussing walionyesha kwamba ngozi iliyoambukizwa hushindwa kusafirisha sodiamu. Sodiamu na potasiamu hupungua katika damu, hatimaye moyo husimama.

Utafiti uliochapishwa mnamo 2019 ulieleza kuwa maradhi hayo yamechangia kupungua kwa angalau spishi 501 za amfibia, na kwamba 90 kati yazo zinadhaniwa kutoweka kabisa.

Jirani zetu Watanzania wanayajua haya. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aliishi katika korongo moja tu la milima ya Udzungwa, penye manyunyu ya maporomoko ya maji. Maji yalipoelekezwa katika mradi wa umeme mnamo 2000, manyunyu yalipungua. Mitambo ya kunyunyizia maji iliwekwa, lakini mnamo 2003 idadi yake iliporomoka, na kuvu huyo akapatikana katika vyura waliokufa. Mwaka wa 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Vyura waliokuwa wamepelekwa Marekani mnamo 2000 ndio waliozalisha kizazi kilichoanza kurejeshwa Kihansi mwaka wa 2012.

Ngozi inayopitisha maji na chumvi hupitisha pia kemikali za mashambani na taka za viwandani. Ndiyo sababu wahifadhi huwachukulia vyura kama ishara ya afya ya mito na vinamasi, na kijito ambacho kilisikika vyura zamani lakini sasa kimenyamaza kinastahili kupimwa maji yake.