Ndugu watatu na cheo kimoja

Leo tuache kidogo habari za bumu, niwape stori ya ukoo wa Murray wa Uskochi.

Mwaka 1703 John Murray alipewa cheo cha Duke wa Atholl, cha kurithiwa na mtoto wa kiume. Mrithi wake, William, akajiunga na uasi wa 1715 dhidi ya Mfalme George I. Bunge likamvua urithi, likaamua cheo kiende kwa mdogo wake, James. Mwaka 1745 William akarudi tena kwenye uasi, na mdogo wao mwingine, George, akiwa jenerali. Wakashindwa. William alifia kifungoni London 1746, George uhamishoni 1760.

Sasa sikilizeni. James akafariki 1764 bila kuacha mtoto wa kiume. Binti yake Charlotte alikuwa ameolewa na binamu yake, John, mtoto wa yuleyule George muasi! John akapeleka ombi Baraza la Malodi, wakamkubalia, akawa Duke wa 3.

Huwa tunasema vyeo vya kurithi ni damu tu. Kumbe Bunge lilimnyima mtoto mkubwa, halafu likampa mtoto wa muasi. Sasa hapo damu ina kazi gani? Nasubiri maoni yenu.