Nusu Tiketi: Ndege za Nauli Nafuu na Familia za Afrika Mashariki

Tarehe 29 Novemba 2012 ndege ya Airbus A319 ya shirika jipya la Fastjet ilianza safari za kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Nauli yake ya kuanzia ilikuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Ilikuwa bei ya kushangaza kwa sababu ilikaribia nauli ya basi. Walimu, wauguzi, mafundi na wauza duka, ambao hadi hapo ndege waliisikia ikipita juu ya paa tu, walianza kuulizana kama mwaka huo wangeweza kuwapandisha watoto wao. Swali hilo la mzazi lilikuwa tofauti na swali la msafiri wa peke yake, na jibu lake linahitaji kufuata historia ya nauli yenyewe: nani alihesabiwa, kwa bei gani, tangu ndege zilipofika Afrika Mashariki.

Safari za ndege za kulipia zilianza na watu wachache sana. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi, na uwanja wa Wilson umebeba jina lake hadi leo. Mwaka 1931 Imperial Airways ya Uingereza ilifikisha huduma yake ya ndege kutoka London hadi Mwanza, kandokando ya Ziwa Viktoria. Abiria wake walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, matajiri na wawindaji. Wenyeji wa Mwanza waliziona ndege hizo miongo mingi kabla mtoto wa kwao hajafikiria kukaa ndani yake.

Shirika lililokusudiwa kuwa la watu wa eneo lenyewe lilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. East African Airways ilianzishwa 1 Januari 1946, ikimilikiwa kwa pamoja na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ikianza na ndege ndogo za injini mbili aina ya Dragon Rapide. Mwaka 1960 ilipokea ndege za jeti za Comet, na kuanzia 1966 Super VC10 zilizokwenda hadi Ulaya. Kanuni za nauli za kimataifa za wakati huo zilimpa mzazi nafuu kubwa: mtoto wa chini ya miaka miwili alilipiwa asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, na mwenye miaka 2 hadi 11 alilipiwa nusu. Kwenye karatasi, basi, ndege ilimjali mwenye watoto kuliko inavyomjali leo. Ila nusu ya nauli isiyofikika haifikiki pia. Familia zilizofaidika zilikuwa zile za maofisa wa kikoloni, ambazo safari zao za likizo kwenda kwao zililipwa na serikali.

Familia nyingine zilibaki ardhini, na reli ndiyo iliyozibeba. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Mtumishi wa serikali aliyekwenda likizo alipewa waranti ya kusafiria, na mwanafunzi wa shule ya bweni vilevile. Ndani ya behewa la daraja la tatu mama alitandika kanga sakafuni, watoto wakalala, chakula kilichopikwa nyumbani kikafunguliwa njiani. Huko ndiko neno "nusu tiketi" lilikozoeleka masikioni mwa watoto wengi. Ilikuwa safari ya siku mbili, lakini nyumba nzima ilisafiri.

Ndege zilikuwa za kutazamwa. Katika uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa Nairobi mwaka 1958, palikuwa na kibaraza cha kupungia mkono wasafiri. Jumapili, baada ya kanisa, wazazi waliwapeleka watoto wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, wakasimama kwenye vyuma wakihesabu ndege zinazopaa. Matembezi hayo yaliendelea miaka mingi baada ya uhuru, na watu wazima wa Nairobi huyasimulia kwa upendo. Yanastahili kuwekwa katika historia ya usafiri wa anga pamoja na tarehe za mashirika, maana hamu ya kuruka ilikuzwa pale, kwa kuangalia, katika kizazi ambacho baadaye kilikuja kulea watoto wake chenyewe.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la pamoja likafa nayo. Kenya ilianzisha Kenya Airways Januari mwaka huo. Tanzania ilianzisha Air Tanzania mwezi Machi, ikaweka twiga kuwa nembo yake. Mpaka wa nchi hizo mbili ulifungwa hadi 1983. Uchumi wa Tanzania ulikuwa umebanwa, fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwa haba, na kupata kiti kwenye ndege kulitaka zaidi ya fedha. Katika miaka ya 1990 soko lilifunguliwa: Precision Air ilianza 1993 ikiwa na makao Arusha, na Kenya Airways ikabinafsishwa 1996 kwa kushirikiana na KLM. Huduma iliongezeka, lakini bei iliendelea kupangwa kwa kumtazama mtalii na mtu ambaye ofisi yake inamlipia.

Barabara za miaka hiyo ndizo zinazoeleza kwa nini hamu ilikuwa kali. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na kabla ya lami kukamilika kupitia Singida na Shinyanga, mabasi mengi ya Mwanza yalizunguka kwa kupitia Arusha, Namanga, Nairobi na Sirari. Mtu alitoka nchini na kuingia nchi nyingine ili afike mkoa mwingine wa nchi yake, akiwa na mtoto mgongoni na hati ya kusafiria mkononi. Mabasi yalizuiwa kusafiri usiku kwa karibu miaka thelathini kwa sababu ya ajali na ujambazi, hivyo safari ilianza alfajiri katika msongamano wa stendi ya Ubungo, na kwa wa mbali ilikatishwa kwa kulala njiani. Mwenye mtoto mchanga, mwenye mimba, mwenye mama mgonjwa anayekwenda hospitali ya Bugando au Muhimbili, hakuitazama ndege kama anasa. Saa moja na nusu angani ilimaanisha mtoto asiyetapika siku nzima.

Mtindo uliokuja kugusa hamu hiyo ulitoka mbali. Southwest ilianza Texas, Marekani, mwaka 1971 kwa kuunganisha Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka 1977 Freddie Laker alianza Skytrain kati ya London na New York kwa pauni 59, shirika lake likafilisika 1982. Mwaka 1995 Stelios Haji-Ioannou alianzisha easyJet katika uwanja wa Luton, Uingereza. Kanuni za mtindo huo ni hizi: tumia aina moja ya ndege ili fundi na rubani wawe wa aina moja; igeuze upesi baada ya kutua, kwani ndege iliyoegeshwa haiingizi kitu; jaza viti vingi; uza tiketi bila wakala; toza mzigo, chakula na kuchagua kiti kila kimoja kwa bei yake. Na ya mwisho, yenye uzito kwa mzazi: kinachouzwa ni kiti. Umri wa anayekikalia haubadilishi gharama ya kukirusha, kwa hiyo haubadilishi bei. Mtoto akitimiza miaka miwili hulipiwa kiti kamili; nusu tiketi haipo tena.

Kenya ndiyo iliyotangulia kuujaribu mtindo huo. Fly540 ilianza Novemba 2006, na jina lake lilitokana na nauli ya shilingi 5,540 za Kenya kwenda Mombasa na kurudi Nairobi. Kampuni za Fly540 ndizo zilizokuwa msingi wa Fastjet, ambayo Haji-Ioannou aliiunga mkono na kuipa nguvu ya jina lake. Tarehe 1 Aprili 2014 Kenya Airways nayo ilizindua tawi lake la nauli nafuu, Jambojet, likienda Mombasa, Kisumu na Eldoret kwa nauli ya kuanzia shilingi 2,850 za Kenya kwa safari ya upande mmoja.

Tanzania ilikuwa na jambo moja lililorahisisha mapokezi: fedha za simu. Wengi wa wateja wapya hawakuwa na kadi ya benki, lakini walikuwa na M-Pesa, Tigo Pesa au Airtel Money, na Fastjet ilikubali malipo hayo. Kampuni ilieleza mara kwa mara kwamba sehemu kubwa ya abiria wake walikuwa wakipanda ndege kwa mara ya kwanza. Ilipoanza kwenda Mbeya mwaka 2013, ikitumia uwanja mpya wa Songwe, safari ya basi ya kutwa nzima ikawa ya muda usiozidi wa kuchemsha maharage. Watu walivaa suti kwa safari hizo, wakapiga picha kwenye ngazi. Furaha ile ilikuwa ya haki.

Hesabu ya nyumba, hata hivyo, ilikuwa nyingine. Chukua wazazi wawili wenye watoto wa miaka 10, 6 na 3. Wote watano walihitaji kiti cha bei kamili. Kwa nauli ya chini kabisa, shilingi 32,000, safari ya kwenda tu ilikuwa 160,000, na kwenda na kurudi 320,000, bila kodi, tozo za uwanja wala begi la kupakia. Mshahara wa kima cha chini katika biashara na viwanda uliotangazwa na serikali mwaka 2013 ulikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi. Basi halikuwa na ukali huo. Mtoto mdogo hupakatwa, wa pili hubanwa kati ya mama na dada, na mzazi huelewana na konda kulipia kiti kimoja kwa watoto wawili. Tofauti ndogo ya bei kwa mtu mmoja iligeuka kuwa ukuta kwa kaya.

Kulikuwa na kikwazo kingine, na pengine ndicho kilichoumiza zaidi: wakati. Nauli nafuu huuzwa mapema, na hupatikana siku ambazo wengi hawasafiri. Familia yenye watoto wa shule haina siku hizo. Inasafiri shule zinapofungwa, Juni na Desemba, pamoja na kila mtu. Desemba Wachaga wa Dar es Salaam hurudi Moshi na Rombo kwa wingi kiasi kwamba safari yao imepewa jina la utani la "kwenda kuhesabiwa", na wiki hiyo bei hupanda hewani na barabarani vilevile. Kununua tiketi miezi mitatu kabla kunataka fedha iliyotulia, na kwa wazazi wengi fedha hutulia pale tu zamu ya upatu inapofika au kikoba kinapovunjwa mwisho wa mwaka, ilhali ada za Januari tayari zinaingoja. Mfumo ulimzawadia mwenye uhuru wa kuchagua siku, na mlezi ana uhuru mdogo kuliko wote.

Familia zilijibu kwa kugawana safari. Mama aliruka na mtoto mchanga, ambaye hupakatwa kwa tozo ndogo, huku baba na wakubwa wakitangulia kwa basi siku moja kabla. Wengine walihakikisha bibi anamwona mjukuu kabla hajatimiza miaka miwili. Kwingine watoto wazima, wenye ajira, walichanga ili mzazi wao mzee ndiye aruke. Hivyo katika nyumba nyingi aliyepanda ndege kwanza alikuwa mdogo kuliko wote au mzee kuliko wote, na wa katikati wakasubiri.

Nauli zenyewe hazikudumu. Mafuta ya ndege ni ghali katika eneo hili, kodi na tozo ni sehemu kubwa ya tiketi, na viwanja vingi vya mikoani havikuwa na taa za kuongoza ndege kutua usiku, kwa hiyo ndege isingeweza kufanya kazi kwa saa nyingi kama mtindo wake unavyotaka. Mwaka 2016 Fastjet ilihama kutoka Airbus kwenda ndege ndogo zaidi za Embraer E190. Mwaka huohuo serikali ilianza kuifufua Air Tanzania kwa ndege mbili za Bombardier Q400. Desemba 2018, ikiandamwa na madeni, Fastjet ilisimamisha safari zake Tanzania. Mwezi huohuo Air Tanzania ilipokea Airbus A220 yake ya kwanza. Nchini Kenya Jambojet iliendelea kuruka, ikitumia Q400 na kuongeza vituo vya pwani kama Malindi, Ukunda na Lamu.

Nusu tiketi, baadaye, ilirudi kwa njia ya zamani. Treni ya reli mpya ya kisasa ilianza kubeba abiria Juni 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na kufika Dodoma kabla ya Agosti. Nauli ya kawaida hadi Dodoma iliwekwa shilingi 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, na wa chini ya hapo husafiri bila malipo. Familia ileile ya watu watano hulipa shilingi 93,000 na kufika pamoja. Reli hiyo haijafika Mwanza. Kati ya Dodoma na ziwa, mwenye watoto watatu bado hupima basi dhidi ya viti vitano vya ndege.