Peak District: Hifadhi Iliyoanzia Kizimbani

Tarehe 17 Aprili 2026 Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza kuundwa Uingereza, inatimiza miaka 75. Wenyeji, ukiwauliza, huanza kuhesabu mapema zaidi: tangu Jumapili ya 24 Aprili 1932.

Siku hiyo watu wapatao 400, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester, walitoka kijiji cha Hayfield wakiongozwa na Benny Rothman, kijana wa miaka 20, wakaukwea mlima Kinder Scout. Mabwanyenye walikuwa wameufunga ili wawinde grausi, ndege wa jamii ya kware. Huko juu walinzi waliwangoja na fimbo, pakazuka purukushani, mlinzi mmoja akaumia. Kuingia ardhi ya mtu hakukuwa jinai, basi vijana wakashtakiwa kwa kufanya fujo. Watano walifungwa kati ya miezi 2 na 6. Rothman alipewa 4. Hata vyama vya wapenda matembezi vilivyoukataa mpango ule tangu mwanzo vilikasirishwa na hukumu hiyo, na majuma machache baadaye maelfu walifurika kwenye bonde la Winnats Pass kudai njia.

Vita Kuu ya Pili ikapita, sheria ya hifadhi za taifa ikatungwa 1949, hifadhi ikatangazwa 1951. Mwaka huohuo, chini ya dola hiyohiyo ya Uingereza, Serengeti nayo ilitangazwa, na 1959 Wamasai wakahamishwa. Peak District hakuhamishwa mtu. Hadi leo maelfu ya watu wanaishi ndani yake, wanafuga kondoo, wanakwenda sokoni Bakewell. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya watu na taasisi binafsi. Mamlaka ya hifadhi ina kipande kidogo tu, ila anayetaka kujenga lazima apate kibali chake.

Kwa hiyo mgeni haoni geti wala hadaiwi kiingilio. Hupanda treni ya Manchester kwenda Sheffield, akashuka Edale, kijiji ambako askari wa kwanza wa hifadhi walianza kazi 1954 na ambako njia ya miguu ya Pennine Way, iliyofunguliwa 1965, inaanza safari yake hadi Scotland. Jina la hifadhi (peak ni kilele) lisimdanganye akatafuta kilele chenye ncha. Kinder Scout, yenye mita 636, ni uwanda mpana wa mboji nyeusi inayomeza buti, na ukungu ukishuka hata mwenyeji hupotea.

Haki ya kutembea huru kwenye nyanda kama hizo iliingia katika sheria mwaka 2000. Aprili 2002, katika kumbukumbu ya miaka 70 ya tukio la Kinder, Duke wa Devonshire, wa ukoo uliokuwa na ardhi hiyo, alisimama karibu na Hayfield akaomba radhi hadharani kwa waliyotendewa vijana wale enzi za babu yake. Rothman hakuwahi kuisikia radhi hiyo. Alikuwa amefariki Januari mwaka huo.