PDF na mpangilio wa siku ya nzi wa matunda

PDF ni neuropeptidi, yaani molekuli ndogo ya jamii ya protini ambayo seli za neva huitumia kupashana habari. Katika ubongo wa nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, ndiyo inayozipatanisha saa za seli nyingi ili nzi mzima aishi siku moja. Ina asidi amino 18, na ina undugu na homoni ya kaa na kamba inayotawanya chembe za rangi katika ngozi yao.

Nzi huyu akiwekwa kwenye mwanga kwa saa 12 na giza kwa saa 12, huchangamka mara mbili, asubuhi na jioni, na hupumzika adhuhuri na usiku. Huanza kuhangaika kabla taa haijawaka wala kuzimwa, kwa hiyo anao wakati wake wa ndani. Mwaka 1971, Ronald Konopka na Seymour Benzer walionesha kwamba mabadiliko katika jeni moja, period, huifanya siku ya nzi iwe ya saa 19 hivi, au 28, au ipotee kabisa. Uchunguzi wa jeni hiyo na nyingine zinazoshirikiana nayo uliwapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017. Masimulizi mengi huishia hapo, na hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu jeni huendesha saa ndani ya seli moja moja tu. Ubongo una seli za neva 150 au zaidi zenye saa ya namna hiyo, na mwenendo wa nzi hutokana na maelewano yao.

PDF hutengenezwa na seli nane tu kati ya hizo kila upande wa ubongo: nne kubwa na nne ndogo. Mwaka 1999, Susan Renn, Paul Taghert na wenzao walichunguza nzi wasio na PDF. Kwenye mwanga na giza vya kupokezana, uchangamfu wa asubuhi ulififia na ule wa jioni ukawahi. Katika giza la mfululizo, wengi walipoteza mpangilio baada ya siku chache. Mwaka 2004, makundi mawili ya watafiti, la Ufaransa na la Marekani, yalibaini kuwa seli zenye PDF husimamia asubuhi, na nyingine zisizo nayo husimamia jioni.

Ugunduzi unaofumbua jambo lenyewe ulikuja mwaka 2016. Xitong Liang, Timothy Holy na Taghert walipima kalsiamu, ambayo hupanda seli inapochangamka, katika seli za saa za nzi hai kwa mzunguko mzima wa siku. Ingawa saa za jeni za makundi yote ya seli hupiga pamoja, kila kundi lilifikia kilele cha kalsiamu kwa wakati wake. Ilipokosekana ishara ya PDF, seli za jioni ziliwahi mno. Kumbe kazi ya PDF ni pamoja na kuchelewesha: hushika kipokezi chake juu ya seli, cAMP, molekuli inayopitisha ishara ndani ya seli, huongezeka, na zamu ya seli hiyo husogezwa mbele hadi wakati wake ufike.

PDF haifanyi kazi peke yake. Molekuli nyingine, zikiwamo sNPF, ITP na glutamati, nazo hupitisha ishara katika mtandao huohuo. Kwa mamalia, binadamu akiwamo, nafasi inayofanana na ya PDF inashikwa na peptidi VIP, na panya wasio nayo huvurugikiwa na mzunguko wao wa siku.

Mfumo huu hutofautiana kwa latitudo. D. melanogaster asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, ambako urefu wa mchana hubadilika kidogo katika mwaka. Baadhi ya jamaa zake wa kaskazini mwa Ulaya hawana PDF katika zile seli ndogo, na wakiwekwa gizani mfululizo hupoteza mpangilio upesi. Lakini katika mchana mrefu wa kiangazi cha huko, huweza kuchelewesha uchangamfu wa jioni kwa saa nyingi, jambo ambalo D. melanogaster hulimudu kwa shida.