Umbo Moja, Maumbo Mawili: Historia ya Kitenzi-Jina cha Kiingereza na Funzo Lake kwa Wasemaji wa Kiswahili



Nilipokuwa kidato cha kwanza niliandika daftarini sentensi hii: *I enjoy to read*. Mwalimu alilikata neno *to read* kwa wino mwekundu, akaandika juu yake *reading*. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba ndivyo wenyewe wasemavyo. Jibu hilo halikuwa la uongo, ila halikuwa maelezo. Tulikariri orodha mbili za vitenzi, na aliyezisahau alihesabiwa kuwa mzito wa akili. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba kilichotushinda hakikuwa mantiki bali historia, nayo historia hiyo hatukupata kusimuliwa.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mswahili husema: anataka kusoma, anaepuka kusoma, alianza kusoma, aliacha kusoma. Vitenzi ni vinne, lakini kinachofuata ni umbo moja tu, yaani kitenzi-jina *kusoma*. Mwingereza hana budi kuchagua. *Want* hufuatwa na *to read*. *Avoid* hufuatwa na *reading*. *Start* hukubali yote mawili. Na *stop* hubadilika maana kulingana na umbo linalofuata. Je, mgawanyo huu ulitoka wapi?

Katika Kiingereza cha Kale, lugha ya zama za Mfalme Alfred katika karne ya 9, maumbo yanayotuhusu yalikuwa manne, na kila moja lilikuwa na kazi yake. Kitenzi-jina cha kawaida kiliishia na *-an*, kama *writan*, kuandika. Kilipotanguliwa na kihusishi *to*, kilibadilika kama nomino na kuwa *to writenne*, na hapo *to* ilikuwa na maana yake kamili ya kuelekea jambo au kulikusudia. Umbo la tatu, lenye *-ende*, lilieleza mtu aliye katika kutenda. La nne lilikuwa nomino halisi yenye *-ung* au *-ing*, mfano *leornung*, yaani kujifunza au elimu.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mmomonyoko wa viishio uliokwisha kuanza ulizidi kuonekana katika maandishi. Kiishio *-an* kikawa *-en*, kisha *-e*, hatimaye kikatoweka. Kitenzi-jina kikabaki bila alama, nayo *to* ikatwaliwa kuwa alama yake mpya. Mabaki ya hali ya kwanza tunayaona hadi leo baada ya *can* na *must*, ambavyo havikubali *to*. Wakati huohuo *-ende* ilikaribiana kimatamshi na *-ing*, hata kufikia mwisho wa karne ya 14 Kiingereza cha London kilikuwa kikitumia *-ing* kwa kazi zote mbili.

Hapo nomino ya *-ing* ilianza kupata tabia za kitenzi. Awali ilihitaji kihusishi *of* kabla ya kitu kinachotendwa: *the reading of books*. Baadaye ikaanza kuchukua yambwa moja kwa moja: *reading books*. Kwa muda mrefu mitindo hiyo miwili ilichanganyika. Robert Lowth, ambaye baadaye, mwaka 1777, alikuwa Askofu wa London, aliukemea mchanganyiko huo katika sarufi yake ya mwaka 1762. Alitaka mwandishi atumie *the* pamoja na *of*, au aviache vyote viwili.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba orodha tulizokaririshwa si za kale. Katika karne ya 17 na ya 18 waandishi waliweza kuandika *avoid* ikifuatwa na *to*. Waliandika pia *I remember to have seen*, mahali ambapo leo tungetarajia *I remember seeing*. Umbo la *-ing* liliendelea kuteka vitenzi kimoja baada ya kingine. Mwanaisimu Mjerumani Uwe Vosberg alichapisha mwaka 2006 kitabu kizima juu ya mabadiliko hayo. Kwa hiyo, kosa la mtoto wa kidato cha kwanza laweza kuwa sarufi halali ya karne tatu zilizopita.

Asili ya *to* inatusaidia kufahamu sehemu ya mgawanyo wa leo. Kwa kuwa ilimaanisha kuelekea, hufuata kwa urahisi vitenzi vya kutaka, kutumaini na kukusudia, ambavyo hutazama jambo lisilotendeka bado. Umbo la *-ing*, kwa asili yake ya nomino, hulichukua tendo kama jambo lililopo au lililokwisha kuwa. Ndiyo maana *remember to lock* hutangulia tendo, na *remember locking* hulifuata. Hata hivyo, tusiugeuze mwelekeo huu kuwa kanuni: *avoid* hutazama mbele, na bado huchukua *-ing*. Wala asili ya maneno haitoshi. *Enjoy* na *refuse* yote yametoka katika Kifaransa, lakini hayafuatwi na umbo moja.

Tukirudi kwenye Kiswahili, tusidhani kwamba lugha yetu ina upungufu. Kitenzi-jina chetu ni nomino na kitenzi kwa pamoja. Ni ngeli ya 15 katika hesabu ya Wilhelm Bleek na Carl Meinhof, nacho huleta upatanisho: *kuimba kwake kunapendeza*. Papo hapo huchukua yambwa na ukanushi: *kukisoma kitabu*, *kutosoma*. Tofauti ambazo Mwingereza huzibebesha umbo la kitenzi cha pili, sisi huzieleza kwa njia nyingine. Anayekatiza safari kwa ajili ya sigara *alisimama ili avute sigara*. Aliyeachana nayo *aliacha kuvuta sigara*. Vivyo hivyo, *nilikumbuka kufunga mlango* si sawa na *nakumbuka kwamba niliufunga*. Maana zote tunazo; zimegawanywa kwa namna nyingine.

Ombi langu kwa walimu watarajiwa walio mbele yangu ni hili. Orodha hazikwepeki, na mtihani utazidai. Lakini kabla ya kuzitoa, mwonyesheni mwanafunzi jinsi lugha yake inavyofanya kazi ileile, kisha msimulieni jinsi Kiingereza kilivyofika hapo kilipo. Mtoto akiandika *I enjoy to read*, msahihisheni, lakini msimhesabu kuwa mjinga. Ameifuata kwa uaminifu sarufi aliyoinyonya kwa mamaye, na amekutana na lugha ambayo yenyewe haikuamua jambo hilo mara moja.