Mwanagenzi na Chumba cha Giza

Nilipokabidhiwa kwa mara ya kwanza kazi ya kupanga kurasa za jarida, sikujua lolote kuhusu programu za kuhariri picha. Nilipewa picha ya malenga mmoja aliyekwisha kufariki, nami kwa shauku ya mwanagenzi nikaifuta mikunjo ya uso wake, nikaing'arisha ngozi na kuyapa macho weupe ambao hayakuwa nao. Binti yake alipoonyeshwa, aliitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, kazi nzuri. Lakini huyu siye baba."

Kauli hiyo ilinirudisha kwenye historia ya chombo nilichokuwa nikikichezea.

Photoshop, programu iliyo mashuhuri mno katika fani hii, asili yake ni ya nyumbani. Ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, walikulia Ann Arbor, Michigan, ambako baba yao alikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha. Mwaka 1987 Thomas, akiwa mwanafunzi wa uzamivu, aliandika programu ndogo ya kuiwezesha kompyuta yake, ambayo kioo chake kilijua nyeusi na nyeupe tu, ionyeshe rangi za kijivu. John, aliyekuwa akitengeneza viinimacho vya filamu huko California, aliona manufaa yake, akamhimiza aipanue. Kampuni ya Adobe ilitoa toleo la kwanza Februari 1990.

Mwanagenzi akilijua hilo, wingi wa vitufe haumtishi tena. Kukata kingo za picha, kuipunguzia mwanga sehemu moja na kuizidishia nyingine, zote hizo ni kazi za chumba cha giza zilizohamishiwa kwenye kioo. Palipokuwa na kivuli cha kiganja sasa pana kipanya.

Hata hivyo, ugomvi juu ya ukweli wa picha uliitangulia programu hii. Februari 1982, jarida la National Geographic liliweka jaladani picha ya piramidi za Giza, Misri. Picha ilipigwa kwa mapana, ilhali jalada lilitaka wima. Basi kwa mashine ya kidijitali piramidi zikasogezwa zikaribiane. Mawe yaliyotulia pahala pamoja kwa zaidi ya miaka 4,000 yakahamishwa kwa sababu ya nafasi! Kisha Juni 1994, jarida la Time likachapisha jaladani picha ya polisi ya O. J. Simpson ikiwa imetiwa giza, na wiki hiyohiyo Newsweek likaitumia picha ileile bila ya kuitia giza. Wasomaji waliyaona majarida yote mawili, na wengi wakalalamika kuwa weusi wa ngozi umefanywa alama ya uovu.

Mwaka huohuo wa 1994, toleo la tatu la Photoshop lilileta matabaka. Tabaka ni mithili ya karatasi angavu inayolazwa juu ya picha: utachora, utafuta, utatia rangi, na picha ya asili iliyo chini ibaki salama. Hilo ndilo somo la kwanza ningelimpa mwanagenzi. Asiye na fedha anayo GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Nayo pia ina matabaka. Akumbuke kadhalika kwamba kioo hutoa rangi kwa mwanga na chapa hutoa kwa wino, kwa hivyo picha inayong'aa kiooni huweza kufifia karatasini.

Wapenzi wa ushairi hawatashangaa. Mtunzi huruhusiwa kulifupisha neno ili mizani itimie, lakini akiigeuza maana kwa ajili ya kina, ameliharibu shairi japo vina vimekaa sawa.

Bahati njema, nakala ya asili nilikuwa nayo. Nikaanza upya: nikaondoa vumbi na mkwaruzo mmoja, basi. Yule bibi alipoiona mikunjo imerudi hakusema neno. Aliomba nakala aende nayo nyumbani.