Hilux Vigo ama Revo? Skiza injini kabla utoe doo

Buda, kama unasaka Hilux ya mkono wa pili, jua hivi: Vigo ilitoka 2004, Revo ikachukua nafasi yake 2015. Vigo ya dizeli, 3.0 D-4D, inafika karibu nguvu za farasi 170. Revo ina injini ndogo, 2.8, lakini zile za kuanzia 2020 zinagonga 204. Ukipanda mlima na mzigo utajua mbona bei iko juu.

Wasee hudhani Vigo ni ndai ya kizamani, fundi yeyote wa mtaa ataimaliza. Zii! Zote mbili injekta zake zinaendeshwa na kompyuta, na dizeli chafu inaziua. So iwashe asubuhi ikiwa baridi. Ikigonga-gonga, ng'ang'ania bei ishuke ama ujitoe.